Mtani wa Kwenye Televisheni

Televisheni ya kwanza ya Maganzo ilifika imekufa. Tuanzie hapo, maana wapo wanaosimulia kwamba ilifika nzima ikaharibiwa na vijicho vya majirani, na huo ni uongo mtupu. Ilikufa njiani, juu ya lori, kwenye makorongo ya upande wa Magu. Kioo kilipasuka paa! Matumbo yake yakamwagika barabarani, na kilichoteremshwa Maganzo ni kabati zuri la mbao lenye miguu minne, vifundo viwili na tundu kubwa mbele.

Mwaka ulikuwa wa sabini na moja. Mwenye mali, Akida, alikuwa muuza vitenge, na kwa kunong'ona alikuwa muuza vile vijiwe vidogo vinavyong'aa. Alikwenda kuinunua Nairobi. Sasa usiulize alitegemea kuona nini hata kama ingefika nzima, kwa sababu huku bara hapakuwa na kituo hata kimoja cha kurusha picha. Aliyemuuzia alimwambia hivyo hivyo, waziwazi. Akida akamjibu, "Wewe niuzie chombo. Picha nitatafuta mwenyewe."

Taabu ni kwamba alikuwa amekwisha kualika watu, mpaka wa Masumbwe na Runzewe. Sebule ilikuwa imepakwa chokaa, mikeka imetandikwa. Fahali naye alikuwa amekwisha chinjwa, na fahali akishachinjwa harudi zizini. Akida alilizunguka lile kabati mara kadhaa, akatoka barazani kwake kutafuta hewa, na pale barazani alikuwa ameketi Nassibu Kondo na cherehani yake.

Nassibu alikuwa fundi nguo, Mzaramo. Baba yake alikuja Shinyanga na treni enzi za Mwingereza, akasahau kurudi. Kushona alishona hivihivi tu, suruali zake zilijulikana kwa kupishana miguu. Lakini sauti! Akisoma kwenye maulidi, wanawake waliacha kupika. Akida akamtazama kichwa, akamtazama mabega.

"Nassibu, ndugu yangu," akasema, "shingo yako unaweza kuituliza kwa muda gani?"

Jioni hiyo hiyo wakatoboa ukuta kati ya sebule na stoo, wakalipachika kabati kwenye tundu. Nassibu akaketi stoo juu ya gunia la karanga, kichwa na mabega ndani ya kabati, uso ukitokeza sebuleni. Juu alivaa koti na tai ya Akida. Chini alivaa msuli, na miguu aliitumbukiza kwenye karai la maji kwa sababu ya joto. Akakohoa. Akasema, kwa sauti ile ya maulidi, "Hii ni Televisheni ya Maganzo. Ifuatayo ni taarifa ya habari, nami ni Nassibu Kondo." Akawapa habari zote alizozisikia redioni saa saba mchana, bila kupepesa macho.

Sebule ilinyamaza kimya. Nusu ya watu wale walikuwa wamevaa suruali alizowashonea yeye mwenyewe, walimjua mpaka jino lake lililokatika. Lakini mtu ametembea kutoka Masumbwe kuja kuona televisheni, arudi akaseme ameona fundi nguo? Akacheke, halafu aonekane mshamba peke yake? Mwishowe mzee mmoja wa Runzewe akashusha pumzi, akasema, "Picha iko safi sana." Basi ikawa imepita. Toka siku hiyo Maganzo ilikuwa na televisheni.

Na masharti yake yalikuwa makali. Akida akizungusha kifundo cha kulia, Nassibu apaze sauti. Akikirudisha, ashushe. Akikifunga, anyamaze hapo hapo, hata kama neno limekatikia mdomoni, na asitikisike mpaka watu watoke. Siku moja Akida alimfunga akaenda msikitini, akapitia kwa rafiki, akala huko, na Nassibu akakaa mdomo wazi na inzi akiutalii atakavyo. Mkewe, Mwahija, ndiye aliyekuja kumtoa, akilaani ukoo mzima wa Akida.

Lakini sharti kubwa lilikuwa hili: televisheni haisikii. Watu walimwamkia, "Shikamoo, bwana habari!" naye asiitikie. Walimuuliza habari za jamaa zao wa Dar es Salaam, kwa kuwa yuko karibu na serikali, naye asijibu. Kinamama walimpongeza kwa tai. Yeye macho mbele, kama mtu anayepimwa koti.

Akaja bwana mmoja wa serikali, mkaguzi wa leseni za redio. Alikaa mkekani akaitazama taarifa yote, akazunguka stoo, akaona karai, akaona msuli, akarudi mkekani. Akafikiri sana, maskini. Kusema si televisheni ilikuwa kusema ametoka Shinyanga mjini kuja kukagua fundi nguo, na posho ya safari ataipataje? Akachomoa kalamu, akaandika leseni: televisheni moja, ya rangi. Ya rangi! Wakubwa wa dunia wakati huo wengi wao walikuwa wanatazama nyeusi na nyeupe.

Nassibu akawa mtu mkubwa. Miaka ikaenda. Alisoma habari za watu kuhamishiwa vijijini, akasoma habari za vita vya Kagera mpaka sebule nzima ikasimama na kuimba. Alisoma bei ya pamba, alisoma ng'ombe waliopotea na mabaka yao. Wachimba dhahabu wa Geita walikuja wamejaa vumbi jekundu, na mmoja alitaka kuinunua televisheni pamoja na msomaji wake. Na matangazo ya vifo! Hapo ndipo alipokuwa bingwa. Mtu alihisi marehemu amezikwa vibaya kama Nassibu hakumtangaza. "Habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo," alisema, na wale ndugu na jamaa, walioketi hapo hapo mkekani, walilia upya kana kwamba ndiyo kwanza zimewafikia.

Sasa tuje kwa Pantaleo, maana huyo ndiye mwenye kisa.

Pantaleo alikuwa Msukuma wa Songwa, mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wa kutosha na mdomo zaidi ya ng'ombe. Msukuma na Mzaramo ni watani, jambo hilo halina mjadala, babu zetu walikwisha limaliza. Mtani wako akutukane barazani, ukwapue kofia yake, mcheke mpaka mlie. Akifiwa, unakwenda kuvuruga msiba wake kwa vichekesho ili asife kwa huzuni. Akifa yeye, unaingia kaburini kwake na hutoki mpaka ugombolewe. Pantaleo na Nassibu walikuwa watani wa kutajwa. Kila gulio Pantaleo alisimama mbele ya cherehani na kupiga kelele, "Mla pweza wewe! Hii suruali umenishonea mimi au umemshonea pweza?" Nassibu naye akimjibu, "Mla michembe ya viazi, miguu yako ndiyo imepinda, suruali imenyooka!" Gulio lilikuwa likiwangojea wao ndipo lichangamke.

Basi wiki ya kwanza tu ya televisheni, Pantaleo akaja sebuleni na fimbo yake, akakaa mbele kabisa, karibu aguse kabati kwa pua. Yeye hakusema picha iko safi. Mtani hadanganyi. Alitazama, akatazama, akaangua kicheko.

"Jamani! Wazaramo mnapenda kivuli, lakini mpaka kukaa ndani ya kabati! Baba yako alikuja na treni amekaa kitini, wewe umeishia kwenye sanduku la mzigo! Haya, nijibu!"

Jibu lilimfika Nassibu kooni, likamwasha kama pilipili. Akalimeza. Akaendelea na bei ya pamba.

Taarifa ilipokwisha Akida akamfuata stoo. "Yule Msukuma atatuharibia. Nani ataamini habari za serikali kutoka kwa mtu anayeitwa mla pweza? Sikia, Nassibu. Humu ndani usimjibu, na huko nje pia usimjibu. Msomaji wa habari hana mtani."

Na Nassibu akakubali. Hapo ndipo alipokosea, tusimtetee. Asingizie njaa? Cherehani ilikuwepo. Alikubali kwa sababu utamu wa kuitwa bwana habari ulikuwa umekwisha mwingia kwenye mifupa. Gulio lililofuata Pantaleo akasimama mbele yake akamwaga matusi ya wiki nzima, na Nassibu akamjibu kwa kuinamisha kichwa kidogo tu, kama waziri aliye ndani ya gari. Watu wakatazamana.

Pantaleo hakukata tamaa. Alikuja sebuleni Jumamosi baada ya Jumamosi, masika na kiangazi. Alipopata mjukuu alikuja kutukana, ng'ombe walipokufa kwa ndigana alikuja kutukana. Kila alipomaliza aliuliza swali lilelile: "Mtani asiyejibu ni mawili tu. Amekufa au amekasirika. Nassibu, umekufa au umekasirika?" Akangoja. Akatikisa kichwa. "Haya bwana. Mimi nitatangulia kufa, na utakuja kunizika na hilo kabati lako kichwani."

Usidhani Nassibu alisahau hata tusi moja. Aliyachukua yote akaenda nayo nyumbani, na kitandani akamjibu Pantaleo hewani, jibu juu ya jibu, akicheka peke yake gizani. Mwahija akasema, "Majibu mazuri hayo. Kampe mwenyewe." Nassibu akasema atampa. Kesho. Kesho kutwa. Akistaafu.

Halafu, mwaka ule wa themanini na tatu ambao sabuni ilikuwa haionekani hata kwa dawa, Pantaleo akaja Jumamosi moja amekonda. Hakukaa mbele. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema kwa adabu, "Shikamoo, mheshimiwa." Akaondoka.

Nassibu akahisi kama amepigwa kofi. Kwa mwingine hiyo ni heshima. Kwa mtani, shikamoo ni talaka. Mtu uliyemwita mla pweza toka ujana wako, ukimwamkia shikamoo, umemwambia kwamba humjui. Alisoma vibaya siku hiyo, akawapa wakulima wa tumbaku bei ya pamba, na usiku hakula. Alimwambia Mwahija, "Jumamosi akija namjibu, liwalo na liwe. Akida na alie." Na safari hii alikuwa na nia kweli, alikuwa ameshachagua na tusi la kuanzia.

Jumamosi ikafika. Sebule ilijaa, hata madirishani watu. Nassibu alikuwa katikati ya habari za mazao, jicho moja mlangoni, mlango ukafunguka. Si Pantaleo. Alikuwa Apolonia, mke wa Pantaleo, kanga kaifunga kiunoni, kichwa kitupu, miguu ina vumbi mpaka magotini. Watu wakampisha bila kuambiwa. Akaja mpaka mbele ya kabati, pale pale mumewe alipozoea kukaa.

"Sikuja kwa televisheni," akasema. "Nimekuja kumwita mtani. Mume wangu amefariki leo mchana. Amesema asifukiwe mpaka mtani wake aje amsumbue. Je, yupo?"

Akida, kutoka kwenye kiti chake, alimtazama Nassibu jicho la kumkumbusha: televisheni haisikii. Na mwili wa Nassibu, baada ya miaka yote ile, ukatii wenyewe. Ndivyo mazoea yalivyo, yanakugeuza punda wake. Macho yakabaki mbele. Mdomo ukafunguka, ikatoka ile sauti ya matangazo, safi, isiyo na mtu ndani yake.

"Maganzo. Bibi Apolonia wa Songwa anasikitika kutangaza kifo cha mumewe mpenzi, Bwana Pantaleo, kilichotokea leo mchana. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki. Habari zimfikie pia mtani wake, Nassibu Kondo..." Hapo sauti ikakwama. Akaivuta kwa nguvu. "...popote alipo."

Apolonia akamtazama sana. "Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma. "Ukimwona mwambie maziko ni kesho." Akatoka.

Basi Nassibu akaanza kulia. Machozi yakateremka mpaka kwenye tai, mbele ya watu, ya rangi. Sebule ikaanza kunong'ona. Akida akaruka kutoka kitini, akashika kifundo, akakifunga. Nassibu akaendelea kulia. Akida akakifungua akakifunga tena, akakizungusha mpaka kikamtoka mkononi.

"Zimika!" akapiga kelele.

"Akida," Nassibu akasema, kwa sauti yake mwenyewe ambayo sebule ile haikuwahi kuisikia, "mimi sizimiki."

Aliinuka. Kabati, kwa kuwa lilikuwa limepachikwa kwa misumari ya mwaka wa sabini na moja, likang'oka na ukuta na chokaa yake, likainuka naye.

Kesho yake Songwa ilimwona Mzaramo akija kwa baiskeli, kabati la televisheni limefungwa nyuma kwa mipira. Alikuwa amevaa koti na tai juu, msuli chini. Nyuma yake Mwahija kwa miguu, na nyuma ya Mwahija nusu ya Maganzo. Akida naye alikuwemo, akidai mali yake, mpaka alipoambiwa na wazee kwamba kitu alichokuja nacho mtani msibani hakiguswi.

Jeneza lilikuwa limekwisha kufikishwa makaburini, na katekista Marselino alikuwa ameshafungua kitabu. Nassibu alimpita bila salamu, akateremka kaburini, akaomba kabati lake, akalivaa kichwani. Uso wake ukatokeza kwenye lile tundu, kidogo tu juu ya ukingo wa kaburi, ukilielekea jeneza.

"Hii ni Televisheni ya Maganzo," akasema. "Ifuatayo ni taarifa ya habari, nami ni Nassibu Kondo, mla pweza."

Watu wakapumua. Katekista akafunga kitabu, akijua kwamba hapo zamu si yake.

"Songwa. Msukuma mmoja mla michembe, aliyekuwa akiwacheka Wazaramo kwa kupenda kivuli, leo ameonekana akichimbiwa kivuli cha futi sita! Alinicheka mimi kukaa ndani ya kabati. Mimi nilikaa kwa saa moja, nikatoka nikala. Yeye kaingia la kwake na kifuniko anataka! Alisema baba yangu alisafiri amekaa. Tazameni, yeye anasafiri amelala, na nauli hajalipa! Habari za mifugo. Huyu bwana alijivunia ng'ombe maisha yake yote. Nauliza, yuko wapi hata mmoja wa kumshika mkia avuke naye?"

Makaburi yale yalitikisika kwa kicheko. Wajukuu walicheka na wazee wakashika mbavu, na Apolonia mwenyewe akajifunika kanga usoni, mabega yakicheza. Nassibu akaendelea. Alijibu la suruali, akajibu la sanduku la mzigo. Alijibu la mwaka wa ndigana na la mwaka wa mjukuu, hata yale ambayo watu walikuwa wamekwisha yasahau, moja moja, hakuacha. Jasho likamtiririka. Mpaka akafika la mwisho.

Akanyamaza, akangoja. Ndivyo utani ulivyo, ukishamaliza unampa mwenzio nafasi. Watu walicheka wakatulia. Nassibu bado anangoja, macho kwenye jeneza. Kicheko kikaisha kabisa, na pakawa kimya kama sebuleni siku ile ya kwanza. Hapo ndipo alipojua Pantaleo alikuwa anaondoka na kitu gani kila Jumamosi kwenye ile njia ya Songwa. Kilimuuma asijue pa kukishika.

"Pantaleo," akasema, na ile sauti ya habari ilikuwa imekwisha kabisa. "Nimejibu yote. Mbona husemi? Mtani asiyejibu ni mawili tu. Pantaleo, umekufa au umekasirika?"

Kisha Apolonia akaja ukingoni na kuku mkononi, ile fidia ya kumgomboa mtani, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa kwenye kabati.

"Amekufa tu, mtani," akasema. "Hakukasirika. Sasa toka, tumzike."

Nassibu akapokea kuku. Wakamshika makwapani, wakamtoa, na kabati likabaki chini kaburini, na hata Akida hakuliulizia.